Fito za Barafuni

Makofi yalipolia ukumbini, Mpimaji aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Kijicho kikimwingia mtu mzima hakina adabu, na yeye kilikuwa kimemwingia hadi kwenye mifupa.

Miaka kumi na tisa alipanda mlimani kuchomeka fito ndefu kwenye barafu, kisha kurudi kupima zilivyochomoza, maana barafu ikiyeyuka, ufito huonekana zaidi. Leo nani kashika kipaza sauti? Binti wa chuo, aliyekuja juzi tu, ambaye hata keekee ya kutobolea barafu alifundishwa na yeye kuishika.

Binti alisema mwaka jana fito zilichomoza mita tatu, na sasa ni nusu mita tu. Barafu inarudi. Watu wakashusha pumzi.

Inarudi wapi! Miezi mitatu nyuma Mpimaji alizikuta fito zimelala chali, barafu yote iliyozishika imekwisha. Akatoboa upya, akazizamisha hadi shingoni. Desturi ya kazi yao ni kumwambia mwenzako siku hiyohiyo, ili hesabu ianze upya. Yeye alinyamaza. Acha aumbuke, alijiambia, ajue mlima hausomwi darasani.

Lakini ukumbini hakuwepo wa kumuumbua. Mwenyekiti wa kamati ya maji alisimama akasema kama mambo ndiyo hayo, na mto unatoka kwenye barafu hiyo, tangi la maji lililopangwa kujengwa kijijini lisubiri, mafundi wakatengeneze barabara kwanza. Mke wa Mpimaji, ambaye kila kiangazi hudamka kugombea ndoo moja ya maji, alimgusa goti.

"Baba watoto, kumbe mto wetu utapona?"

Mpimaji aliinama tena kwenye kamba za viatu.

Ndipo binti akanyoosha mkono kumwelekea. "Hesabu hizi si zangu peke yangu. Ninachokijua kuhusu barafu ile nimefundishwa na mzee wangu yule pale. Simama, mzee, wakuone."

Ukumbi mzima ukanyanyuka. Sifa alizozililia miaka yote ndizo hizo, zimekuja kwa mkupuo, na mkewe alipiga makofi kuliko wote. Mpimaji alisimama. Alingoja watulie, nao hawakutulia upesi.

"Tangi lijengwe," alisema. "Fito zilianguka, nikazichomeka upya. Binti hajui. Sikumwambia."

Mikono ya mkewe ikabaki hewani.