Uzi Uliokazwa na Baba

Fundi magitaa hawezi kuona uzi uliolegea akaupita hivihivi, mkono utamwasha. Asubuhi ya maonyesho ya sayansi, binti yake alipotoka ukumbini kwenda kunawa uso, fundi alilisogelea jaribio la binti huyo, akaupiga kwa kidole ule uzi wa chuma uliofungwa juu ya ubao, akauona umelegea, akakaza kigingi kinachouvuta. Kidogo tu. Kisha akaenda kuketi kando ya mkewe, kifua mbele.

Mshindi mmoja ndiye angeiwakilisha shule kwenye mashindano makubwa, na binti aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kilikuwa hakimshuki.

Waamuzi walipofika mezani pake, wakiwa wameshapita meza nyingine zote, akawasha kimota kilichofungwa mwisho wa uzi ili kiutikise. Mwendo wa mota alikuwa ameulinganisha na uzi jana yake. Uzi ulipaswa kutikisika mpaka uonekane umevimba katikati, na kuvuma. Ukatetemeka kidogo tu.

"Mbona umelala?" akauliza mwamuzi mkuu.

Fundi akataka kuinuka, mkewe akamvuta shati.

"Ni mimi, mama watoto."

"Najua ni wewe, nani mwingine? Kaa. Mwache mwanao."

Binti aliupiga uzi kwa kidole, akasikiliza, na uso ukamfunguka.

"Umekazwa," akasema. "Sasa una haraka kuliko mota, hawapatani. Mara mota inausukuma unakoelekea, mara inauzuia unaporudi. Inachoupa, inaupokonya. Ni kama kusukuma gari lililonasa kwenye tope bila kufuata linavyoyumba: jasho linawatoka, na gari lipo palepale."

Akaongeza mwendo wa mota, polepole. Uzi ukaanza kuchangamka, ukavimba, ukavuma mpaka meza ikatetemeka.

"Mtikiso wa mota ni uleule mdogo. Ila sasa kila msukumo unaukuta uzi ukienda upande huohuo, kwa hiyo nishati inaingia na kujilimbikiza."

"Basi mbona hauzidi kuvimba mpaka ukatike?" akauliza mwamuzi.

"Kwa sababu kadiri unavyovuma ndivyo unavyopoteza: kwenye hewa, kwenye ubao, kwenye sauti hii mnayoisikia. Ukipoteza sawa na unachopokea, unabaki hapohapo."

Akapitiliza mwendo kwa makusudi, uzi ukanywea. Akaurudisha, ukavuma tena, kama mtoto anayeitikia jina lake. Fundi alijaa fahari mpaka akasahau kuona aibu.

"Nani aliukaza?" mwamuzi akauliza.

"Mimi," fundi akasema akiwa amesimama. "Baba yake. Nisameheni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mwamuzi alicheka, kisha akamshika binti mkono na kumwambia kwamba nafasi ni yake.

Fundi alijipenyeza kati ya watu hadi mezani, maneno ya kuomba radhi yamemjaa mdomoni. Binti hakumpa nafasi ya kuyasema.

"Baba, na huko kwenye mashindano utanikazia tena," akasema. "Ila usiniambie umekaza kiasi gani."

Fundi alilia mbele za watu, wala hakujali.