Kitabu cha Mwanamke Mwenye Kuku

Msusi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakupenda nyumba kimya. Mbele ilikuwa saluni, nyuma familia, na katikati pazia ambalo halikuwahi kumzuia mtu. Wateja walikuja kusukwa, wakaondoka na habari za mtaa mzima bila nyongeza ya bei.

Ndiyo maana mkwe wake alimnyima usingizi. Binti mpole, ana adabu, hana neno na mtu. "Shikamoo mama", "ndiyo mama", kisha anaingia chumbani na kitabu, mlango unafungwa taratibu. Na sasa mumewe, mtoto wa Msusi, dereva wa lori asiyekaa nyumbani, alikuwa amepata vyumba viwili vya kupanga upande wa pili wa mji. Asubuhi, kabla ya safari, alimwambia mkewe aamue mwenyewe, jioni atampigia simu. Msusi aliyasikia hayo nyuma ya pazia. Hakuwa anasikiliza, alikuwa amesimama tu.

Basi alasiri akamwacha mteja wake, Mama Pacha, kitini, nusu kichwa kimesukwa, akaenda kununua vitabu. Mume wa Msusi, Fundi Redio, akamfuata na mwavuli.

Tatizo ni kwamba muuza vitabu vya mitumba naye alikuwa mtu wa maneno. Walianza na harusi iliyovunjika mtaa wa juu, wakahamia kwa bibi harusi, wakamalizia na mama yake. Ulimi ukifanya kazi yake, mkono wa Msusi ulichagua kwa picha za majalada. Mwanamke analia. Mwanamume ana bastola. Mwanamke amesimama mlangoni, anatazama mbali kwa huzuni, kuku miguuni. Huyu ameachwa, Msusi alijisemea, akalipa. Fundi Redio naye akajipatia santuri ya zamani, akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Walipoingia tu ndani, mvua ikamwagika. Vyumba vya nyuma havikukalika kwa kelele za bati. Saluni peke yake ndiyo ilikuwa na dari, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: mvua ikinyesha, wote saluni. Mkwe akatoka na kigoda chake, akakaa pembeni karibu na kikaushio cha nywele.

"Umerudi, shoga," alisema Mama Pacha. "Nilikuwa najiuliza nitembee nimeinamisha upande gani."

Msusi alimpita moja kwa moja. Alimwekea mkwe vitabu mapajani kwa haraka, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. "Nimekuletea."

Binti alikitazama cha kwanza, akatabasamu. "Asante mama. Hiki nimekisoma." Akashika cha pili. "Na hiki pia. Lakini ni kizuri, mama, nitakirudia."

Moyo wa Msusi ukashuka mpaka kwenye kandambili. Akakamata nywele za Mama Pacha na kuzivuta kuliko ilivyohitajika.

Binti akafungua cha tatu. Akafungua ukurasa mwingine. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Analia?" Fundi Redio alinong'ona.

"Mama," alisema binti akijifuta macho, na ilikuwa kicheko, "hiki ni cha magonjwa ya kuku."

"Nilijua kuna kuku," Msusi alisema kwa heshima yake yote. "Nilidhani ni wa pambo."

"Usome hivyohivyo," alisema Mama Pacha. "Mimi sina pa kwenda."

Fundi Redio akaweka santuri kwenye gramafoni aliyoitengeneza mwenyewe. Ilizunguka polepole mno, mwimbaji akasikika kama ana homa. Hakuna aliyelalamika; ilifanana na kitabu. Binti akasafisha koo, akasoma kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia, nzito, yenye madaha:

"Kuku anayejitenga pembeni, halii wala hali na wenzake, mfugaji asidhani ana kiburi. Huenda ni mgeni bandani."

Mwimbaji akaendelea na homa yake.

"Jamani," alisema Mama Pacha, "huyo kuku mbona kama namfahamu."

Binti ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha akasema, macho kwenye ukurasa, "Nyumbani nilikuwa namsomea bibi kwa sauti, kila siku. Kimoyomoyo siwezi, kitabu hakiniingii. Hapa nafunga mlango nisiwasumbue."

"Utusumbue?" Msusi aliuliza. "Sisi?" Hata Fundi Redio alilazimika kugeukia ukutani acheke.

Walikuwa wamefika kwenye minyoo simu ilipolia. Msusi akajifanya anatafuta kitana kilichokuwa mkononi mwake.

"Vyumba?" binti alisema kwenye simu. "Mwambie mwenye nyumba ampe mtu mwingine... Hapana, sijalazimishwa. Tuna kitabu hapa, ndiyo kwanza tumeanza, na kuku wana hali mbaya... Hatuna kuku. Ukirudi nitakusomea."

Akaiweka simu. Msusi alikuwa ameinamia kichwa cha mteja wake kupita kiasi.

"Shoga," alisema Mama Pacha, "unanidondoshea maji, na mistari inapinda."

"Itanyooka," Msusi alijibu, akivuta kigoda cha mkwe kwa mguu mpaka kikagusana na kiti. "Haya mwanangu, hao minyoo. Na upaze sauti kidogo, jirani naye asikie."