Ukungu wa Daraja la Kwanza

Nchi ya Kungunia ilikaa kisiwani kama kuku anayeatamia, imejikunyata, imejifunika ukungu tangu vizingiti hadi mapaa, na juu ya kilima chake cha pekee, ambako ukungu ulikuwa mzito kama tui la kwanza, ilisemekana waliishi Wakubwa. Ilisemekana tu, maana hakuna aliyewahi kuwaona wakila wala wakilala, wala hakuna aliyelitia machoni ghala la njaa lililopokea unga wa kila jiko kila yalipofika mavuno. Mpiga mbiu alishuka kila mwaka akatangaza kwamba unga umeliwa na panya, poleni sana, leteni mwingine. Watu wakapeleka. Panya wa Kungunia walisifika kwa afya.

Ng'ambo ya mashariki ilikuwapo Macheo, nchi ya soko kubwa, ambako jua lilichoma bila adabu. Bwana Tandabelua, mkuu wa Wakubwa, alitamani sana lile soko, lakini hakuwa na cha kupeleka. Akaamua kuuza ukungu. Waziri wake, Domokaya, alivuka na mitungi michache, akausifu ukungu mpaka mate yakamkauka, na Wamacheo wakaupenda kweli: wakulima waliivika miche ya chai, maharusi wakajitanda usoni.

"Wanataka meli nzima," Domokaya alirudi akihema.

"Chota bondeni. Watu wa bondeni wana nini cha kuficha?"

Bonde likachotwa likabaki wazi, mpaka viraka vya nguo za watu vikaonekana.

"Bondeni umekwisha, mtukufu. Lakini wanasema wa kilimani ndio daraja la kwanza. Wanalipa maradufu."

Bwana Tandabelua alisita kidogo tu. "Chota," akasema.

Bandarini, mitungi iliyorudi ilioshwa na Siwema, binti ambaye mama yake alikuwa kitandani akinyweshwa uji wa pumba. Alikuwa ameomba kibaba kimoja cha unga kutoka ghalani, akajibiwa: panya. Siku moja alishika mtungi, akautegea sikio.

"Dada Kidawa, huu una kitu."

"Kitu gani, mume?" mwenzake alicheka. "Kama ni mume, uoshe taratibu."

"Una joto."

Walifungua kidogo, na asubuhi ya Macheo ikawarukia usoni, ya manjano, inanukia majani ya chai. Huko Macheo chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata akuletee mchuzi wa jana, bakuli litarudi na japo chumvi. Kungunia nako waliwahi kuwa na desturi hiyo, unga ulipokuwapo.

Domokaya aliitwa, akachungulia, akakunja uso. "Mwanga? Nani atanunua mwanga hapa? Umwageni popote, mitungi ipande haraka. Meli inangoja."

"Popote, mheshimiwa?"

"We binti una masikio?"

Alikuwa nayo. Alifunga vifuniko, akapandisha mitungi kilimani pamoja na wachukuzi, na pale palipokuwa pamechotwa ukungu wa mwisho, akaimwaga ile asubuhi ya Macheo yote kwa mpigo.

Kilima kikasimama uchi. Ghala lilionekana, unga umefika darini, na katikati yake Wakubwa waliovaa nguo za kulalia, wanono, mashavu meupe hadi kwenye kope. Siwema alitoa bakuli la mama yake ndani ya kanga, akasogea mlangoni.

"Unatafuta nini hapa, binti?" Bwana Tandabelua aliuliza, akijipangusa mdomo.

"Panya, mheshimiwa."

Mkuu alirudi nyuma, akapapasa hewani kutafuta ukungu wa kujifunika, mkono ukarudi na mwanga mtupu. Akamwita Domokaya aende Macheo kuununua ukungu urudi, kwa bei yoyote. Lakini Domokaya alikuwa akitazama chini, ambako bonde zima lilikuwa limeanza kupanda, kila mtu na chombo chake mkononi. Kama vilikuwa vitupu, au vilikuwa na kitu ndani, kutoka kule juu haikuonekana.