Kengele ya Makamu wa Tatu

Saa tatu asubuhi kengele ililia migombani. Atuganile akachukua kikombe cha chai na sahani ya ndizi mbili za kuchemsha, akampelekea baba mkwe wake kazini. Alipofika kwenye mlango wa kijani aligeuza uso, akaviweka kizingitini, akarudi. Huku Masukulu, mwanamke aliyelelewa kizamani hamtazami baba mkwe. Mzee Ambindwile alikuwa amekufa mwaka juzi, lakini hilo halikubadili ratiba yake.

Zamani alikuwa tarishi wa ofisi ya Makamu wa Tatu wa Rais. Sheria ilipoifuta ofisi hiyo, miaka thelathini iliyopita, alikabidhiwa barua, akapanda basi kurudi kwao. Wiki iliyofuata ofisi nayo ikaja: chumba kimoja, sakafu ya saruji, simu nyeusi, kengele, kalenda ya mwaka ule. Ilitua kati ya migomba na shamba la chai. Majirani waliuliza tu kama bati linavuja.

Mwaka huu makao makuu ya serikali yalikuwa yakiandika historia ya ofisi zilizofutwa. Atuganile alituma barua tatu, akitaka jina la mzee liwemo. Ndipo akaja Nelson, kijana wa idara ya kumbukumbu, amekumbatia faili kana kwamba lingeibiwa.

Aliingia ndani. Mzee akainuka, akafuta kiti kwa kitambaa.

"Una miadi?"

Nelson alivuta droo, akachungulia chini ya meza, akatoka.

"Mama, hiki chumba alijenga nani?"

"Hakikujengwa. Kilikuja."

Akaandika. "Kwenye faili, ofisi ile haikuwa na tarishi."

"Si umetoka kumwona?"

"Mimi mwandishi, si shahidi. Nataka mtu wa familia aliyemwona kwa macho yake akiwa kazini."

Atuganile aliitazama kalamu. Ilikuwa imeshaanza kuandika jibu.

"Mimi namsikia. Najua kikohozi chake, viatu vyake, anavyogonga muhuri."

"Miaka thelathini unampelekea chai, hujamwona hata mara moja? Mnaficha nini hapa?"

Jirani wa Atuganile, Tulinagwe, aliyekuwa akichuma chai ng'ambo ya ua, akacheka. "Kaka, kwani wewe mama mkwe wako unamkodolea macho?"

Nelson akashusha sauti. "Mama, sema tu ulimwona siku moja. Jina naliandika sasa hivi."

Ndani, muhuri ukanyamaza. Mzee alikuwa anasikiliza.

"Sijamwona," alisema Atuganile.

Muhuri ukaendelea kugonga. Nelson akaandika kwamba shahidi hakuona, na kwamba ofisi ilifutwa ikiwa haina tarishi. Kisha akatoa karatasi ya pili, iliyochapwa tangu huko alikotoka: mwananchi aombe radhi kwa kuisumbua serikali kwa barua tatu.

"Weka sahihi hapa chini."

Atuganile aliisoma yote, akaikunja mara nne, akamrudishia. Akaokota kikombe kizingitini, uso kando. Kilikuwa kitupu, kama kila siku.

"Siombi radhi," alisema. "Na ya nne naiandika kesho."