Misumari Mdomoni

Fundi wa makochi hufanya kazi huku misumari midogo ameibana kwa midomo, akiutoa mmoja baada ya mwingine na kuugongelea kwenye mbao. Fundi huyu naye alikuwa hivyo hivyo, ila kila alipotaka kusema na mkewe, aliitema yote kiganjani kwanza. Kisha aligonga meza mara mbili. Meza yao ya kukatia vitambaa ilikuwa ndefu, yeye na nyundo yake upande huu, mkewe na cherehani upande ule, na mtikisiko ulisafiri hadi kwenye viwiko vya mkewe. Mke aliinua macho, akaisoma midomo ya mumewe, mambo yakaenda.

Wateja walimwita Mama Kochi. Homa ya utotoni ilimwachia uhai na ulimi, ikaondoka na masikio. Aliolewa bila kuijua sauti ya mumewe, na hakuacha kumtania. "Labda ndiyo maana tumedumu."

Fundi ndiye aliyehangaika mpaka zikapatikana mashine za masikioni. Siku mtaalamu alipomvisha, Fundi aliinama mbele yake. "Unanisikia?"

Kitu kizito chenye joto kilimwingia Mama Kochi kichwani. "Nakusikia," alisema, na mumewe akaangua kilio mbele za watu.

"Zitamletea sauti," mtaalamu alieleza. "Maneno bado atahitaji kuyaona usoni mwako, baba." Fundi aliitikia huku anapenga kamasi. Mwenye masikio mazima ndiye ambaye hakusikia.

Basi wakarudi karakana, na meza haikugongwa tena. Fundi alisema akiwa amechuchumaa nyuma ya kochi, alisema akiwa amempa mgongo, alisema na misumari yake mdomoni. Sauti zilimfikia Mama Kochi tele, cherehani ikipiga kelele kama ngoma ya bati, na katikati yake sauti ya mumewe ikipita kama mtu nyuma ya pazia. Unaona kuna mtu, sura huioni.

"Eeh," alijibu. "Sawa."

Angesemaje? Mtaa mzima ulishatangaziwa. "Siku hizi mimi na mke wangu tunapiga soga kama kasuku!" Fundi alijisifu kwa kila mteja. Kumwambia ukweli kulikuwa kama kumrudishia zawadi usoni. Kunyamaza nako kulikuwa kunamchukua mume kidogo kidogo. Katika ukimya wake wa zamani Mama Kochi hakuwahi kuwa mpweke namna hii.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaleta kochi lake na kitambaa kipya cha mistari. Alipoondoka, Fundi alisema neno akiwa ameinamia mbao. Mama Kochi akaitikia eeh, akachora kwa chaki, akakata kitambaa chote.

Fundi alipozunguka meza, aliganda. Mistari yote ilikuwa imesimama wima. Midomo iliyobana misumari ikacheza, mikono ikarushwa hewani.

Mama Kochi angeweza kusema amesahau. Maneno yalikuwa tayari. Badala yake alikinga kiganja chini ya kidevu cha mumewe, kama anayemtoa mtoto kokwa mdomoni.

"Tema."

Fundi akatema.

"Sasa sema."

"Si nilikwambia mistari ilale? Na ukaitikia!"

"Sikukusikia. Niliitikia tu."

"Tangu lini unaitikia tu?"

"Tangu uache kutema misumari."

Fundi alijitupa kwenye fremu tupu ya kochi, mabega yakamshuka. "Kumbe hazifanyi kazi. Basi tuzirudishe."

"Thubutu!" Mama Kochi alifunika masikio kwa mikono. "Nasikia mvua. Nasikia mkasi unavyotafuna kitambaa. Nakusikia unavyoimba."

"Mimi? Mimi siimbi."

"Unaimba ukigonga misumari. Kila siku, wimbo ule ule."

Fundi alishika mdomo kama aliyefumaniwa. "Naimba vibaya?"

"Sijui, mume wangu, sina wa kukulinganisha naye. Ila ukinyamaza, nainua kichwa kukutafuta." Akampa misumari yake. "Wimbo niachie masikioni. Maneno nipe machoni, kama zamani."

Kitambaa cha mwalimu wangenunua kingine. Mistari iliyosimama ingekwenda kwenye kiti cha nyumbani kwao, ambacho sponji yake ilikuwa nje miaka mingi, kama ilivyo desturi ya nyumba za mafundi.

Fundi alirudi upande wake, akapanga misumari mdomoni. Kisha akakumbuka kitu, akaitema tena. Meza ikagongwa mara mbili, na viwiko vya Mama Kochi vikajua kabla yake mwenyewe.

Aliinua macho.

"Mistari ilale," Fundi alisema, uso mzima ukimwelekea.

"Ilale," Mama Kochi alijibu.

Misumari ikarudi mdomoni. Nyundo ilianza peke yake, kwa haya. Baadaye kidogo, wimbo ukaifuata.