Mgeni Haulizwi Ataondoka Lini

Luhende alikubali chanjo ya homa ya manjano bila kelele. Akakubali pasipoti, akakubali hata kupigwa picha amefumba mdomo kama mshitakiwa. Kilichomshinda ni tiketi ya kurudi.

"Rudia hapo, mama," alimwambia Bushra, mwenye steshenari pale Buswelu, aliyekuwa akimsomea kwenye kompyuta masharti ya kuingia Barbados, kisiwa cha Karibiani alikoolewa Precious, binti wa Luhende.

"Wanataka wajue utafikia kwa nani, na utaondoka siku gani."

"Hata sijafika?"

"Hata hujafika, mzee wangu."

Luhende aliguna. Yeye mzaliwa wa Nansio, kisiwani katikati ya ziwa, kisiwa anakijua: unashuka kivukoni na jogoo wako kwapani, wenyeji wanakupokea mzigo, basi. Ukimuuliza mgeni ataondoka lini umeshamfukuza. Marehemu mkewe, Dorotea, alikaa na wifi yake tangu kupanda mpaka kuvuna, roho ikimuuma kwa vituko vyake, na bado hakumuuliza.

"Hii siyo serikali," alisema. "Ni mkwe wangu huyo, kajificha nyuma ya serikali."

Bushra alicheka. "Mkweo ndiye anayetunga sheria za Barbados? Basi Precious kaolewa na mkubwa!"

"Wakubwa ni walewale, mwanangu. Wa hapa walijenga zahanati, wakaipaka rangi, wakakata utepe. Dorotea alipozidiwa, ndani hamna mganga wala dawa. Na hao wa huko hawajaniona, wameshanichoka."

Bushra alimpigia Precious, akaweka simu mezani, sauti juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwambie mumeo sisafiri. Siwezi kuaga kabla sijapiga hodi."

Precious alielezwa, akashusha pumzi. Mimba ilikuwa imekua, na hakuwa na mtu wa kwao wa kumpokea mtoto. Mazishi ya mama yake yenyewe aliyaona kwenye simu.

"Baba, hiyo ni sheria ya kila mgeni. Sisi tungependa ukae. Lakini niambie kweli, ulikuwa na nia ya kurudi?"

Luhende alitazama barabarani. Tangu msiba alikuwa akisonga ugali wa watu wawili, mkono umezoea, unaobaki anawamwagia kuku. Kuku wenyewe alishapanga kumwachia jirani, afunge mlango, ufunguo autupe ziwani. Sasa watu asiowajua walikuwa wanamtaka ataje siku ya kuufungua tena.

"Baba?"

"Nipo."

"Kaburi la mama limejengewa?"

"Bado. Udongo haujashuka. Mpaka masika ipite."

"Atalijengea nani?"

Ufundi wa matofali ulimlisha Luhende maisha yake yote, na nusu ya kuta za mtaa ule zilikuwa za mkono wake. Mafundi waliobaki aliwajua kwa majina: mchanga mwingi, saruji ya kunusisha tu, mvua mbili ufa.

"Fundi kama Josephat hagusi pale," alisema. "Labda niwe nimekufa."

"Sasa je, baba?"

Luhende alivuta kiti, akakaa.

"Bushra, waandikie Juni, masika ikiwa imekwisha."

"Tarehe ngapi?"

"Yenye nauli nafuu. Lakini ujue, hiyo tarehe siwapi wao. Nampa Dorotea."