Mlio wa Njia ya Kushoto

“Ni beringi, na aliyeiua ni wewe,” kaka alisema kwa mara ya tatu. “Kila shimo lazima uliingie, utadhani mna miadi.”

“Beringi imebadilishwa mwezi uliopita,” dada alijibu. “Na mlio uko sehemu moja tu, barabara mpya, mkabala na kituo cha mafuta. Beringi gani inachagua mtaa?”

Walikuwa gereji tangu saa tatu asubuhi, kila mmoja upande wake wa gari. Gari lilikuwa lao wote wawili. Jumatatu mpaka Ijumaa kaka alilipeleka ofisi ya barabara, alikokuwa karani. Jumamosi dada alimpeleka nalo mama yao makaburini, na leo ilikuwa Jumamosi. Mama aliketi kwenye benchi, mkoba mapajani, akiwasikiliza kama alivyowasikiliza walipokuwa wakigombania kijiko.

Fundi aliitwa Masikio. Hakushika spana kabla mwenye gari hajauiga mlio kwa mdomo. Aliwahi kumrudisha hakimu mzima nyumbani akafanye mazoezi.

“Haya, dada. Imba.”

Dada alitazama huku na huku, akakunja uso. “Ta. Ta. Ta. Ta. Halafu kimya. Halafu unaanza tena.”

“Na wewe, kaka?”

“Gruuu,” kaka alisema.

Masikio alitikisa kichwa. “Huo ni wa gari jingine, mzee. La kwenu linaliaje?”

Kaka akaanza kusoma bango la matairi.

Masikio alipiga jeki. Alilizungusha gurudumu la mbele kushoto, akalitikisa juu na chini, kisha pembeni. Halikucheza. Alipapasa tairi akitafuta kokoto au msumari, akakagua pedi za breki, akakaza nati. Kisha akalishusha gari, akamwambia dada aendeshe, naye akakaa kiti cha mbele, ncha ya bisibisi ndefu sakafuni juu ya gurudumu, mpini sikioni. Walikwenda mpaka kituo cha mafuta, wakageuza, wakarudi.

“Gari ni zima,” alisema akishuka. “Huyo ni mtoto anaruka kamba. Anafika kumi na saba, anakwama, anacheka, anaanza upya. Wa miaka saba hivi. Hana viatu.”

“Minane,” mama alisema kutoka benchini.

“Basi minane. Nilikuwa na lori juzi, lenyewe linasikia kengele ya shule, pale pale mbele ya kona. Nimelibadilishia shokapu bure.”

Hakuna aliyeshangaa. Watu wa gereji walijua barabara ile imepita juu ya mtaa wa zamani. Palipo kituo cha mafuta palikuwa na bomba la maji, na ng’ambo ya bomba nyumba ya mama na wanawe: vyumba viwili, na ua wa udongo uliofagiliwa mpaka ukawa mgumu kama sahani. Mvua ikipiga bati, watu wa nyumba hiyo waliongea kwa vidole. Jirani akikaanga kitu, watoto wa nyumba nne walijikuta wana salamu za kumpelekea. Chiriku, kitindamimba wao, aliruka kamba uani tangu anaporudi shule mpaka anapoitwa kula. Kamba yenyewe ilikuwa ya kuanikia nguo. Kwa miaka miwili mama alianika nguo ukutani kwa ajili yake. Kisha homa ikamchukua Chiriku kwa siku tatu, wakamzika kwenye makaburi madogo nyuma ya nyumba.

Barabara ilipokuja, ofisi ilitangaza kwamba makaburi yote yamehamishiwa nje ya mji. Kila familia ilipewa namba. Mama alipewa thelathini na moja. Barabara ilichukua miaka sita kumalizika, na miaka yote sita alikwenda kila Jumamosi kuipalilia thelathini na moja na kuipa habari za watu wa mtaa waliotawanyika: nani ameoa, nani amehamia kwa mwanawe, nani hasikii tena vizuri.

“Ile karatasi ya kuhamisha aliitia sahihi nani?” dada aliuliza.

Kaka alikuwa karani mpya wakati ule. Mkandarasi alileta orodha, makaburi arobaini, kila moja na alama ya vema. Bosi wake alimwambia aende akahakikishe kwa macho. Siku hiyo palikuwa na matope, naye alikuwa amevaa suruali ya kwendea harusi ya rafiki yake. Akatia sahihi mezani, bila kufika makaburini.

“Ilikuwa na mhuri,” alisema.

“Na mlio umeusikia tangu lini?”

“Tangu barabara ifunguliwe. Miezi miwili. Beringi nilibadilisha mimi, nikidhani atanyamaza.” Alimgeukia fundi. “Hakuna kitu unaweza kuweka? Grisi?”

“Redio naweza kukufungia,” Masikio alisema.

Jumatatu ofisi ya barabara ingefunguliwa saa mbili, na kwenye dirisha la malalamiko angekaa kaka. Fomu ya kuhamisha kaburi ilikuwepo. Fomu ya kuhamisha barabara haikuwepo.

Mama alisimama, akajikung’uta gauni. “Thelathini na moja kuna nani?”

“Hakuna mtu, mama,” kaka alisema. “Udongo tu.”

“Kwa hiyo miaka sita nimekuwa nikiusimulia udongo.”

Kaka akarudi kwenye bango la matairi.

“Huko hatuendi tena,” mama alisema. “Jumamosi zangu ni pale kwenye kituo cha mafuta. Na dereva si dada yako. Ni wewe, mpaka siku mtakayonizika. Ingia.”

“Mama, leo nina—”

“Shika usukani, baba.”

Akashika. Mama alikaa mbele, akavua viatu, akaweka nyayo zote mbili sakafuni. Dada alikaa nyuma. Waliingia barabara mpya kwa njia ya kushoto, polepole, taa za tahadhari zikiwaka. Mkabala na kituo cha mafuta mlio ulianza, na mama akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Kaka alitazama mbele. Lori lilipiga honi nyuma yao, lilipochoka likawapita, na magari yaliyolifuata yakaendelea kupita pale pale, moja baada ya jingine.

Walipofika kwenye mzunguko kaka aliuliza waelekee wapi.

“Zunguka,” mama alisema. “Tunarudi.”

Akawasha taa ya kulia, akazunguka.